Ombi la Kumwachisha Kazi Kapasita wa Mkanda wa Pili

Kwa Mkuu wa Uzalishaji,
Kiwanda cha Sabuni.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi, na feni inakupepea. Sisi wa ukumbi wa kufunga sabuni hatujambo, ila mimi sijambo kwa shida, na mwenye kunitia shida ni mfanyakazi wako mpya anayeitwa Kapasita.

Najua utasema kapasita si mtu, ni kidude. Fundi umeme ametueleza vizuri. Anasema umeme wetu hupanda na kushuka, na lile sanduku linaloamrisha mwendo wa mota lilikuwa likiyumba nao. Kapasita ni kama pipa la maji uani: bomba likitoa kwa wingi, linajaa, bomba likikauka, unachota humo, na anayeoga hajui kitu. Ndiyo maana tangu afungwe, siku kumi na moja sasa, mkanda unaobeba sabuni haujasita hata mara moja. Hongereni. Sasa pokea malalamiko.

1. Kapasita ameingia kazini bila usaili. Mimi niliulizwa hadi uzito wangu. Yeye katolewa kwenye boksi asubuhi, mchana anatuendesha.

2. Kapasita wa zamani waliondolewa kwa kosa la kufura. Fundi alituonyesha: wamevimba, wamechakaa, hawashiki tena kitu. Sawa. Lakini kama kuvimba tumbo na kukaa bure ni sababu ya kutolewa kazini, basi haki ipande ngazi hadi ghorofani kwenu. Simtaji mtu.

3. Swichi ikizimwa, fundi hamgusi Kapasita mpaka zipite dakika tano, eti bado ana umeme tumboni, aachwe kwanza atulie. Jamani! Sisi kengele ikilia tunaswagwa nje kama kuku waliovamia mchele. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimetulia.

4. Inasemekana yeye hula kinachozidi na kutoa kinapopungua. Ndugu Mkuu, hii ni tabia ngeni hapa kiwandani. Wanaokula kinachozidi tunawajua kwa sura. Wanaotoa kinapopungua hatujawahi kuwaona, na sioni kwa nini tuanze kuonyeshwa na kidude.

5. Hili ndilo lenyewe, nimelizunguka vya kutosha. Ng'ambo ya mkanda, mbele yangu, husimama mpanga maboksi tunayemwita Taratibu. Ni mtu wa haya. Mota ikinguruma husikii hata chafya yako mwenyewe, na wakati wa mapumziko upande wao hutoka sisi tukibaki. Jioni mkanda ulikuwa ukitukawiza, naye akitoka anakimbilia gari la mwisho. Nafasi yetu ilikuwa moja tu: umeme ukishuka, mkanda unasita, ukumbi unanyamaza sekunde tatu hivi, nne tukibahatika. Hapo Taratibu huinua macho na kusema neno moja. La pili mota inalimeza. Jumatatu ile alisema, "Dada." Jumanne, "hivi." Jumatano umeme ulikuwa mzuri, tukapata hasara. Alhamisi, "wewe." Ijumaa, saa nane mchana, mkanda ukasita akasema, "una."

Jumamosi fundi akamfunga Kapasita.

Nina nini, Ndugu Mkuu? Nina mume? Nina wazimu? Nina sabuni puani? Silali. Juzi nimefunga karatasi tupu, sabuni zimepita uchi. Nimemkodolea macho mpaka akaangusha boksi, na msimamizi akamkaripia yeye badala yangu. Na usiniambie nimuulize mwenyewe. Mwanamke hammalizii mwanamume sentensi ya namna hiyo. Nina miaka thelathini na minne, kitinda mimba wetu kaolewa, shangazi zangu wamekwisha kunikatia tamaa. Nampenda mtu huyu, nasema wazi, na maneno yake yamezibwa na kidude kisichozidi kopo la maziwa.

Kwa hiyo naomba Kapasita aachishwe kazi. Ikishindikana, apewe likizo ya siku moja. Neno moja tu lanitosha. Ikishindikana, arudishwe aliyefura, alikuwa na utu. Hilo nalo likishindikana, niko tayari kuchomoa waya kwa mkono wangu na kuwasingizia panya.

Nisalimie wote wa ghorofani, waliovimba na wasiovimba, pamoja na mlinzi na mama wa kantini. Fundi umeme msalimie pia, ila mkono simpi.

Ni mimi, kwa utiifu uliobakia,
Mfunga Sabuni, Meza ya Nane.

Tanbihi: Tafadhali Kapasita asiguswe. Barua ilikuwa mkobani naisubirisha, mambo yakageuka. Leo tumemaliza ile shehena iliyorundikana enzi za kukwama, na kwa mara ya kwanza tumetoka saa kumi kamili, kungali mchana. Taratibu nikamkuta getini. Gari lake lilipita, hakulitazama. Akaanza upya toka "Dada," akafika hadi mwisho: kama nina haraka. Ndugu Mkuu, nyumbani nguo zilikuwa kambani na wingu limetanda, mama amekaa mlangoni ananingoja, na ufunguo ninao mimi. Nikamwambia sina.