Mhuri wa Mwaka Elfu Mbili

Jumatatu, 20 Desemba 1999

Leo nimedharauliwa na kinyozi. Mbele ya watu! Kasema kompyuta za dunia nzima huandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Mwaka elfu mbili ukiingia zitaona sufuri sufuri, zidhani tumerudi elfu moja mia tisa, zizime umeme, maana mwaka huo umeme haukuwepo huku. Nikasema upuuzi mtupu. Akaniuliza nina ushahidi gani. Sikuwa nao. Nikaahidi kuleta karatasi ya shirika la umeme, yenye mhuri, kabla ya mwaka kuisha. Mdomo huu utaniponza.

Nilipofika nyumbani nikakumbuka mayai! Mia na ishirini, kwenye mashine ya kuangulia ya mama mkwe, na siku yao ni tarehe mosi Januari. Umeme ukikatika, vifaranga watafia ndani ya ganda. Mama mkwe katuazima mashine kwa sharti: wakitoka salama, inabaki kwetu. Wakifa, anaichukua, na ukoo mzima utaambiwa mkwe ndiye mkosaji. Mke wangu kaacha cherehani kwa ajili ya mayai haya. Kila asubuhi huyageuza moja moja akiyasemesha kwa sauti laini. Mimi hanisemeshi hivyo.

Kasema niende nikaulize tu kama umeme utakuwepo. Kuuliza tu! Hajui mambo ya ofisi.

Jumanne, 21 Desemba

Ofisi ya umeme. Mlinzi wa getini akataka kujua shida yangu. Nilipomweleza akacheka hadi kofia ikamdondoka. Kasema mitambo ya hapa huwashwa na kuzimwa kwa mkono, ina umri unaomzidi baba yake, na haijui hata kama leo ni Jumanne. Nirudi nyumbani nikalale. Nikamshukuru kwa adabu. Mlinzi anajua nini?

Dada wa mapokezi kanielekeza chumba namba nne. Namba nne wakanielekeza kwa afisa uhusiano. Afisa uhusiano yuko likizo mpaka Januari. Nikaomba kumwona mtaalamu wa kompyuta. Yuko kikaoni, wanajadili kama kompyuta ziko tayari. Kikao kilianza lini? Mwezi wa tisa.

Alhamisi, 23 Desemba

Nimerudi. Dada wa mapokezi kasema swali la maandishi hujibiwa ndani ya siku ishirini na moja za kazi. Nikahesabu kwa vidole: Januari itakuwa inaelekea ukingoni. Nikamwambia wakati huo nitakuwa nimeshalijua jibu. Akasema basi sina haja ya kuuliza.

Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu hazinyolewi na yule bwana! Nikachungulia rafu ya fomu. Fomu ya kuuliza hakuna. Ila iko moja ya kuomba kukatiwa umeme kwa muda, ya watu wanaokarabati nyumba, na hiyo ndiyo pekee inayopanda kwa meneja na kushuka na mhuri ndani ya siku chache. Tena ina nafasi ya tarehe na saa! Nikajaza: 31 Desemba, saa sita usiku. Penye sababu nikaandika: Je, kompyuta zenu ziko tayari? Nikatia sahihi na namba ya mita. Dada akaipokea bila kuisoma. Huduma nzuri sana.

Jumatano, 29 Desemba

Mhuri! Wa bluu, wa duara, na ndani yake neno moja: IMEKUBALIWA. Nimeuliza kama wako tayari, wamekubali. Kuna la zaidi?

Moja kwa moja kwa kinyozi. Nikaikunja karatasi ili mhuri tu ndio uonekane, wasije wakasoma kichwa cha fomu wakachanganyikiwa. Watu wakapiga makofi. Kinyozi akanyoa kuzunguka sikio lile lile la mteja mara tatu. Raha iliyoje!

Mke wangu aliomba kuisoma yote. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Alikuwa ameazima jiko la mkaa kwa jirani, la kuyapa mayai joto ikitokea dharura. Nikalirudisha. Mwenye mhuri, mkaa wa nini?

Ijumaa, 31 Desemba

Saa kumi na moja jioni. Ngazi ukutani kwangu! Juu yake fundi wa umeme na koleo mkononi. Kasema kaja kunikatia kama nilivyoomba. Nikasema amekosea nyumba. Akatoa nakala: sahihi yangu, mita yangu, mhuri wangu. Niliomba saa sita usiku, kasema, lakini naye ana familia, kwa hiyo kaniwahi. Nikamweleza kwamba lile lilikuwa swali. Akaisoma ile sababu, akakuna kichwa, akasema yeye hashughuliki na sababu. Kurudishiwa kuna fomu yake, na ofisi imefungwa mpaka Jumatatu. Akakata. Akaniomba nimshikie ngazi akishuka. Nikamshikia!

Mke wangu alitoka nje. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema tu kwamba mayai matatu yameanza kupasuka na anasikia sauti ndani. Machozi yakamlenga. Nilijiona mdogo kama punje. Nikapendekeza tuyakumbatie. Alishika mashine upande mmoja, akaniamuru nishike wa pili, tukaenda nayo hadi kwa kinyozi.

Kinyozi akafungua mlango. Hakunitania. Akachomoa mashine yake ya kunyolea, akachomeka yetu. Heri angenitukana.

Jumamosi, 1 Januari 2000

Umeme haukukatika popote. Mtaa mzima unang'aa, isipokuwa kwangu.

Vifaranga mia na wanne! Wako chini ya kioo kikubwa cha kinyozi, kila mmoja anashangaa pacha wake. Mama mkwe kafika asubuhi, kamshika kinyozi mikono yote miwili, anamwita mwanangu. Mashine sasa ni ya mke wangu, kasema, ila ikae hapo hapo kwa mtu mwenye busara. Mke wangu anacheka peke yake kwa furaha. Kanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba alinituma nikaulize tu.

Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa la fundi kuwahi.

Mchana mteja mmoja kasema mwaka huu Februari ina siku ishirini na tisa, na ziko kompyuta zisizolijua hilo. Kinyozi kasema upuuzi. Nikasema si upuuzi hata chembe, na mhuri nitauleta. Jumatatu nakwenda kuomba kurudishiwa umeme. Nasikia fomu hiyo nayo inataka tarehe. Nitaandika 29 Februari, tuone watajibu nini.