Sponji Chafu kwa Jino la Dhahabu

Mtaalamu aliingia kwa daktari wa meno akiwa na pengo la mbele na mfuko mtupu, akatoka na kazi. Ndivyo alivyo yule bwana. Utaalamu wake hasa ni wa nini, hakuna ajuaye, na ukimuuliza atakujibu saa nzima usiambulie kitu.

Lile pengo lilikuwa limemharibia maisha, nasema kweli. Mtu anayekula kwa mdomo wake hawezi kufanya kazi mlango ukiwa wazi. Tangu jino ling'oke, kila aliyemwekea mtego alitazama shimo badala ya kusikiliza maneno, akashika mfuko wake kabla salamu hazijaisha.

Kwenye chumba cha kusubiri palikuwa na tangi la samaki, refu kama benchi. Samaki wote walikuwa juu kabisa, midomo nje, wanahema. Daktari mwenyewe alikuwa amesimama mbele yao na glavu mkononi. Mgonjwa kamwacha kitini kinywa wazi.

"Tangu jana wako hivi," daktari alisema, karibu alie. "Na jana hiyo hiyo nimewasafishia kila kitu. Maji yote nimemwaga, nikajaza ya bomba. Kichujio nimekisugua kwa sabuni mpaka kikawa cheupe."

Mtaalamu aliwahi kufagia duka la samaki wa mapambo miezi miwili kabla hajafukuzwa, sababu tuziache. Huko aliokota kitu kimoja: ule uchafu wa kahawia kwenye sponji ya kichujio una vijidudu vinavyokula amonia, sumu itokayo kwenye taka za samaki. Daktari alikuwa ameviua vyote kwa usafi wake. Tiba ilikuwa sponji chafu kutoka tangi la zamani, na uchafu, kama tujuavyo, hauuzwi.

"Daktari, maji yako yana homa," alisema kwa huzuni. "Dawa ipo, ila inatoka mbali. Na mimi hela sitaki. Mimi ni mtu wa viumbe."

"Unataka nini basi?"

"Jino. La dhahabu."

Daktari alikuwa bahili wa kupindukia, lakini kwa samaki alilegea. Wakapatana: leo la muda, la plastiki; Ijumaa, samaki wakiwa wazima, la dhahabu.

Huko mbali kulikuwa mtaa wa pili, kwa mama mmoja mstaafu ambaye tangi lake lilionekana dirishani, samaki wanene wametulia. Mtaalamu alibisha hodi na tabasamu jipya.

"Shikamoo mama. Natoka idara ya afya, tunakagua matangi."

"Marahaba mwanangu. Pita."

Alichungulia kichujio, akarudi nyuma hatua mbili. "Mama, unalala na sumu hii ndani ya nyumba? Nipe nikaiteketeze. Bure kabisa."

"Maskini mimi, wala sikujua. Haitakudondokea njiani?"

"Wala, ni hapo tu kwa daktari wa meno."

Ulimi huo. Yeye hakusikia alichosema, ila mama alisikia, na tangu lini sumu ikateketezwa kwa daktari wa meno? Mtaalamu pia hakujisumbua kuuliza mama alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kustaafu. Alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari, miaka thelathini, na alishawakamata waongo waliokuwa wazuri kuliko huyu.

"Ngoja nikufungie vizuri, baba," alisema, akaingia jikoni na kichujio chake. Huko alichukua sponji mpya, akaichemsha kwenye chai ya rangi mpaka ikatisha kuitazama, akaipoza, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki na kumkabidhi.

Mtaalamu aliitumbukiza kwenye tangi la daktari kwa mbwembwe zote, huku akinong'ona Kilatini alichokitunga pale pale.

Ijumaa alikuja kanyoa, shati limepigwa pasi. Samaki walikuwa chini, wazima, wanafukuzana. Alifurahi kutoka moyoni, na hapo namwonea huruma kidogo.

"Daktari, si nilikwambia?"

"Uliniambia. Kesho yake maji yakawa chai, samaki wakalala ubavu." Daktari hakuinua kichwa, alikuwa akimshughulikia mtu kitini. "Ndipo akaja huyu mama na sponji yake na vichupa vya kupimia. Kipimo kilitoka kijani, amonia tupu. Kila asubuhi anabadilisha robo tu, kwa maji yaliyolala kwenye ndoo klorini itoke. Leo tumepima, kimetoka njano, maji ni salama. Nilipomuuliza anataka nini, akasema nimpe nilichokupangia wewe."

Mama aligeuka, akatabasamu polepole ili aonekane vizuri. Jino la dhahabu lilimkaa vizuri.

"Shikamoo mama," Mtaalamu alisema.

"Marahaba mwanangu. Njoo ukae, zamu yako imefika."

"Zamu ya nini?"

Daktari alikuwa keshashika koleo. "Lile la muda ni mali ya kliniki," alisema. "Fungua mdomo."