Mheshimiwa Tollefsrud na Sheria ya Ushiriki wa Kweli

Wananchi wote wa Wilaya ya Kumi na Nne walitangaziwa, kwa furaha na kwa mihuri mitatu, kwamba Bunge la Jimbo limepitisha Sheria ya Ushiriki wa Kweli katika Jamii. Kuanzia sasa hakuna atakayegombea ubunge kabla majirani kumi hawajatia saini kwamba walimwona kwa macho yao akifanya kazi ya kujitolea, tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwenye sheria hiyo alikuwa Mheshimiwa Verlyn Tollefsrud, mbunge wa miaka kumi na sita na mjumbe wa kamati thelathini na moja, ikiwamo Kamati ya Kupunguza Kamati. Maneno "tangu mwanzo hadi mwisho" aliyatia yeye mwenyewe, kwa kuwa yalikuwa na uzito. Shabaha yake ilikuwa Lorraine Skogmo, mpishi wa shule, aliyethubutu kutangaza kwamba atapambana naye. Mheshimiwa alikuwa amepekua magazeti ya mji wa Nordby ya miaka ishirini asione picha ya mpishi huyo hata moja. Mtu asiyeonekana angepata wapi mashahidi?

Lorraine alirudisha fomu yake siku ya tatu. Ilikuwa na saini mia nne na sita.

Mheshimiwa hakushtuka. Fomu zilitakiwa Jumatatu asubuhi, na Jumamosi ilikuwa siku ya kifungua kinywa cha hisani ambacho zimamoto huwapikia wananchi katika jiko la kanisa, ambako kila mwaka alivaa aproni, akageuza chapati ya maji moja mbele ya mpiga picha, akaenda zake. Alifika saa moja kamili. Katibu wake, Duane, alibaki garini na injini ikiwaka, kwa mazoea.

"Orville, ndugu yangu," alimwambia mkuu wa zimamoto, mzee mwenye masharubu yaliyojaa unga. "Nitilie saini hapa. Mwaka jana si uliniona?"

"Nilikuona. Uligeuza moja."

"Basi!"

"Ilianguka chini, Mheshimiwa. Mbwa wa jirani yetu Brekke ndiye aliyeshiriki." Orville aliisogeza fomu mbali na siagi, akaisoma taratibu. "Hapa pameandikwa hadi mwisho. Huku kwetu mwisho ni masufuria."

Mheshimiwa alimgeukia Bi Ardis, bibi aliyetunza jiko la kanisa kwa miaka arobaini na ambaye kila mtu alimwogopa, mchungaji akiwa wa kwanza.

"Bi Ardis, mimi sikosi chakula cha pamoja hapa kanisani."

"Kula hukosi," alijibu Bi Ardis. "Lakini kila anayeleta bakuli huandika jina lake kwenye utepe, akaubandika chini ya bakuli. Nimeyaosha yote, baba, na lako sijawahi kuligeuza."

"Mimi huleta salamu za Spika!"

"Salamu haziwekwi kwenye oveni."

Jiko zima lilicheka. Mheshimiwa alihisi masikio yakiwaka moto, na kwa mara ya kwanza aliogopa kweli: bila ubunge angekuwa nani Nordby? Hakuwa na kazi nyingine, wala mtu wa kunywa naye kahawa. Alikunja mikono ya shati lake la hariri akasimama kwenye karo la kuoshea vyombo.

Aliosha. Aliosha sahani za watu mia tatu, zenye asali ya miti iliyoganda kama gundi. Mara mbili Bi Ardis alimrudishia sufuria lilelile.

"Hili nimeshaliosha, mama."

"Umelilowesha. Rudia."

Ilipotimu saa nane mchana vidole vyake vilikuwa vimenyauka, na watu waliobaki hadi mwisho walijipanga kutia saini bila kinyongo. Tisa. Wa kumi alikuwa Lorraine Skogmo, ambaye muda wote alikuwa amempa mgongo, akikwangua kikaango kikubwa.

"Lete kalamu," alisema Lorraine akifuta mikono. "Umefanya kazi, haki yako."

Mheshimiwa alitamani kumbusu. Ndipo Duane alipoingia, amechoka kusubiri, sheria ikiwa kwapani.

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Kifungu cha saba. Mgombea hamshuhudii mpinzani wake."

"Upuuzi gani huu!" alifoka Mheshimiwa. "Nani aliandika?"

Duane alimwonyesha saini chini ya ukurasa: ilikuwa ya Mheshimiwa mwenyewe.

"Basi tia wewe, Duane! Wewe wa kumi!"

"Mimi nilikuwa garini, Mheshimiwa. Sikukuona hata ukishika sahani."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema Orville, akazima jiko.

Jumatatu asubuhi fomu ya Mheshimiwa ilikataliwa kwa kupungukiwa na saini moja, na Novemba Lorraine alipita bila kupingwa. Januari alihamia mji mkuu wa jimbo, na jiko la kanisa likapungukiwa na mikono miwili. Jumapili ya kwanza Bi Ardis alimkuta Verlyn Tollefsrud mlangoni, theluji mabegani, amekumbatia bakuli la viazi na jibini vilivyoungua pembeni. Alilipokea, akaligeuza, akatazama chini yake.

"Haya, ingia," alisema. "Karo unalijua."

Ripoti ya kwanza ya utekelezaji, iliyotolewa mwezi uliofuata kwa mihuri mitatu, inathibitisha kwamba Sheria ya Ushiriki wa Kweli imefanikiwa kupita matarajio. Katika Wilaya ya Kumi na Nne, ushiriki umeongezeka kwa mtu mmoja.