Makubadhi Mlangoni mwa Handaki

Jumamosi, 7 Novemba 1998

Leo nimesema uongo. Mmoja tu, lakini mkubwa.

Tulikuwa Hail, hapa Maskati, barazani kwa Humaid. Humaid ndiye kaka yake Hasina, na posa yangu kwa Hasina imekaa mikononi mwake wiki ya saba sasa. Kasema dada yake ni mtu mzima, keshaolewa na keshafiwa, atajibu mwenyewe. Atajibu Ijumaa hii. Ila anataka mwanamume wa vitendo. Marehemu mumewe alikaa mbele ya televisheni miaka tisa.

Na Ijumaa hiyohiyo Humaid na wenzake, wapenda mambo ya kale, wanaingia handaki la Waingereza. Lile lililotobolewa mlimani nyuma ya bandari kongwe, zama za Malkia Viktoria, kuwekea makaa ya mawe ya meli zao. Hakuna aliyelitumia tangu enzi za babu zetu. Yaarub, muuza magari, naye mposaji kama mimi, kasema ataongoza yeye. Ana tochi kubwa kama sufuria ya pilau.

Hapo nikajisikia nasema kwamba handaki hilo nalijua kama chumba changu. Nilicheza humo utoto wangu wote.

Nimezaliwa Tabora. Maskati nimefika na miaka ishirini na minne, na ndevu.

Humaid kafurahi: basi ongoza wewe! Nyuma ya pazia mtu kasema mashaallah. Sauti ya Hasina. Kwa ile sauti siwezi tena kurudi nyuma. Nimekwisha.

Jumapili, 8 Novemba

Nimefikiri kwa utaratibu. Dawa iko moja: niende Jumanne peke yangu, nilisome handaki, Ijumaa niingie kama mwenyeji. Nimeazima ramani ya Humaid, nimeinakili kwa mkono saa za kazi. Tochi nimechukua bohari ya wizara. Mimi ndiye mtunza bohari. Tochi hiyo niliikagua mwenyewe mwezi uliopita na kuitia sahihi kuwa ni nzuri.

Yaarub kaja ofisini, eti kunisalimia. Kaniuliza mbele ya makarani wote kama nilipokuwa mdogo nilikuwa nampelekea Malkia makaa yake, na kama alinipa bakshishi. Wamecheka mpaka mfagiaji. Nimecheka pia.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimenunua makubadhi mapya Matrah, ya ngozi, ya siku ya jibu. Nimeandika ndani yake, kwa wino usiofutika: THABIT, BOHARI. Mwaka huu nimepoteza jozi tatu mlangoni mwa msikiti, Ijumaa tatu tofauti. Unaingia na yako, unatoka na ya mtu mwenye kisigino kibovu.

Dada Mahbuba, ambaye naishi naye hapa Wattaya na ambaye amenilea tangu mama alipotutoka, kaniangalia naandika. Kasema, "We Thabit, mwanamume wa miaka arubaini na saba unaandika jina viatuni kama mtoto wa chuo cha Kurani?" Nikamwambia utaratibu ndio unaomtofautisha mtu na mnyama. Kasema mbuzi wa jirani wana utaratibu kunishinda.

Jumanne, 10 Novemba

Naandika kwa penseli, nyuma ya ramani, msikitini. Si msikiti wetu. Nitaeleza.

Asubuhi nimeomba ruhusa kazini, nimesingizia tumbo. Taksi mpaka bandari kongwe. Saa nne kamili nipo mlangoni mwa handaki. Limezibwa nusu na mawe, ndani maji mpaka vifundoni. Sikuweza kuyatia makubadhi mapya katika maji yale. Nikayavua, nikayapanga kando pamoja, vidole vyatazama nje, kama mlangoni mwa msikiti. Pochi nikaiweka chini ya lile la kushoto isilowe. Nikasema bismillahi.

Nilikuwa na chaki. Kila hatua kumi, mshale ukutani. Hatua ya mia na arubaini nikageuka kuitazama mishale yangu. Ukuta unatoka jasho! Hata mmoja haukubaki.

Mbele handaki linagawika. Ramani yasema kulia. Nikashika kulia. Nikaona shimo limejaa maji meusi, pana kama kisima, hatua moja kutoka kidole gumba cha mguu wangu. Ramani nimeinakili kinyume. Nikarudi, nikashika kushoto, na hapo tochi niliyoitia sahihi ikafa.

Sitaandika yote. Nimesoma kila sura ninayoijua, na nyingine nusu. Nimetambaa. Vumbi la makaa ya Malkia limenijaa masikioni, mdomoni, mahali pengine. Mara moja nililia, lakini kwa muda mfupi. Saa tisa nikaona mwanga, nikatokea upande wa pili wa mlima, ndani ya zizi la mbuzi.

Kurudi kufuata makubadhi ni kuuzunguka mlima mzima, peku. Nikasema kesho. Pikapu ya mboga ikanipakia nyuma, inapita Wattaya. Ikapita kweli. Nikagonga, nikapiga kelele, dereva kaweka kaseti kwa sauti ya juu. Nimeshushwa sokoni Mawaleh, mbali na kwetu, sina hata baisa ya kupigia simu. Muadhini kanipa mkeka. Ameniuliza kama ninatoka machimboni.

Jumatano, 11 Novemba

Nimerudi adhuhuri juu ya magunia ya vitunguu.

Chini ya jumba letu nikaona magari mengi, viti vimepangwa, madele ya kahawa, wazee kwenye kivuli. Nikajua kuna mtu kafariki. Nikasimama nyuma ya ukuta nikamwombea rehema. Nikaona haifai kupita mbele ya wafiwa nikiwa mweusi kama chini ya sufuria, nikapanda ngazi za nyuma, nikaingia jikoni kwa jirani ninawe kwanza. Kuna Winifrida, mtumishi wao, binti wa Songea.

Kaangusha sufuria ya mchuzi. Kapiga ishara ya msalaba. Kisha kasema, "Baba, wewe si umekufa?"

Nimemwambia hapana. Haikumtosha, kanigusa na mwiko.

Hadithi ndiyo hii. Yaarub naye alikwenda kulichungulia handaki jana alasiri, kwa siri, yule mnafiki! Kaona makubadhi, kaona jina, kaona pochi. Kaita, hakujibiwa. Polisi wakaja na kamba, wakalikuta lile shimo la maji, wakasema halina mwisho. Sheikh wa msikiti kakataza matanga mpaka maiti apatikane. Kwa hiyo si matanga, ni kungojea tu. Lakini watu wote wa kwetu, wa Tabora na wa Unguja, wamekuja kungojea, kila mmoja na sufuria yake.

Winifrida kaendelea. Kumbe Hasina kaja upande wa wanawake, kalia mpaka mtandio umelowa, kasema mbele ya wote kwamba Ijumaa alikusudia kunikubali.

Nikakaa kitako. Kanikubali!

Winifrida kasema nenda basi, baba, dada yako analia tangu jana. Nikamwambia taratibu. Nikipanga vizuri faida ni kubwa. Wanawake wanaingia kwa zamu. Kila kundi jipya, Hasina analirudia neno lake. Mpaka alasiri litakuwa limesikiwa na watu wasiopungua sitini, halikanushiki tena. Nikamwomba sahani ya wali. Kanipa, lakini kaiweka chini kwa kishindo.

Kupitia ukutani nilimsikia Mahbuba. Hakuwa analia kama watu wanavyolia. Alikuwa anasema tu, kwa sauti ndogo, kwamba alinikataza kupita penye utelezi tangu nikiwa mdogo. Nikaacha kula. Nikajiambia nusu saa tu zaidi.

Na ningeweza, wallahi. Ila dirisha la jikoni linatazama chini, kwa wanaume, na Yaarub alikuwa anahutubia. Kasema marehemu alikuwa kama ndugu yake. Hapo sawa. Kasema marehemu, Mungu amsamehe, alimjia kwa siri kumwomba amfundishe njia za handaki, kwa kuwa alikuwa hajui chochote.

Nikatoa kichwa dirishani nikapiga ukelele: "Mwongo!"

Mzee mmoja kaanguka na kiti chake. Wengine walisoma kalima. Humaid alisogea mpaka chini ya dirisha. Alinitazama, akatazama sahani niliyokuwa bado nimeishika, akatazama sahani tena.

Alhamisi, 12 Novemba

Mahbuba alinikumbatia jana kwa nguvu mpaka mbavu zikalia. Kisha kamuuliza Winifrida nilifika saa ngapi. Winifrida hajui kusema uongo.

Tangu hapo hajanisemesha. Leo karudisha sufuria ishirini na mbili, mlango kwa mlango, peke yake. Nilitaka kumsaidia kubeba, kanipita. Nimefungua kabati langu nimekuta sanda, mpya, imekunjwa vizuri kati ya makanzu. Alikwisha kuinunua. Alimwambia Winifrida aniambie kwamba duka halirudishi pesa.

Humaid kaleta makubadhi na pochi ndani ya mfuko wa plastiki. Kaniambia kesho nisisumbuke kuongoza.

Ijumaa, 13 Novemba

Wameingia handakini bila mimi. Yaarub mbele. Wamepiga picha kwenye shimo.

Nimesali, kisha nimekwenda Hail kulidai jibu langu. Nimekwenda peku, kwa sababu makubadhi yameibiwa msikitini. Jina na yote! Huko nje sasa kuna mtu anaitwa Thabit, Bohari, na miguu yake inang'aa.

Humaid kanifungulia lakini hakunikaribisha. Hasina kasimama nyuma ya mlango. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba kuna mashahidi, watu wanaopindukia sitini.

Kasema, "Bwana Thabit, mimi nilimkubali yule aliyekufa. Yule hakukaa kula wali ukutani, dada yake analia upande wa pili. Wewe sikujui."

Nikamuuliza kama hilo ni hapana.

Mlango umefungwa taratibu sana. Ungebamizwa ningejisikia nafuu.

Nimerudi nimelala kifudifudi. Sina mke, sina makubadhi, sina dada wa kuzungumza naye. Nna sanda.

Jumamosi, 14 Novemba

Asubuhi nimeamka na akili safi. Nimelipitia jambo zima kwa utaratibu, na nimegundua kosa liko wapi.

Hasina alimkubali Thabit asiyekuwepo. Kwa hiyo kutokuwepo kulikuwa sahihi. Kilichoharibu ni kurudi, na kurudi mapema. Siku moja na nusu! Nani anamkosa mtu siku moja na nusu? Wiki mbili, hapo ndipo moyo unayeyuka wenyewe. Na makubadhi peke yake hayatoshi. Safari hii nitaacha na kofia.

Pwani ya Hail inafaa. Ni karibu na kwake, hakuna dirisha, na Yaarub haogelei. Mawaleh yule muadhini ananijua, mkeka ninao.

Nimevaa kwenda Matrah kununua jozi mpya. Mlangoni Mahbuba kanisemesha, mara ya kwanza tangu Jumatano. Kaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia dukani, kununua makubadhi. Kaitazama miguu yangu peku. Kisha kasema leo anapika samaki wa nazi, kama nnavyopenda, na kauliza nitarudi saa ngapi.

Nimemwambia asinisubiri.