Glavu ya Shangazi Odile

Ijumaa, 28 Novemba

Leo mimi ni mvumbuzi! Tangu apate kiharusi, Shangazi Odile hahisi kitu kwenye vidole vya mkono wa kulia. Akiuweka kwenye kinanda cha kanisa, hajui kama amegusa au bado. Ameacha kupiga, na huzuni inamla. Namfumia glavu yenye uzi wa umeme: kidole kikigusa kinanda, glavu inatetema kwenye kifundo cha mkono, ambako bado anahisi. Rahisi, tena kwa kipimo chake mwenyewe. Nimemchora mkono kwenye karatasi, pale pale mezani, katikati ya viporo vya bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani ya jana. Akalalamika eti pete imegoma kutoka. Nikamwambia atulie, sayansi haina shida na pete.

Jumamosi, 29 Novemba

Mashine ya kufuma ya maktaba, ya kutumiwa na wote, imeshikwa na Bernice Pelkey wa kanisani kwetu tangu asubuhi. Anafuma masweta ya mbwa. Mbwa! Nikamdanganya kwamba manispaa inaburuta gari lake ili wazoe theluji. Akatoka mbio. Nikafuma. Safi kabisa! Akarudi amelowa chapachapa, akauliza mkono niliupima lini. Eti Sikukuu ya Shukrani watu hufakamia chumvi, kesho yake vidole vimevimba. Yeye siku hiyo hapimi hata mbwa. Nikamwambia aondoke na wivu wake.

Jumapili, 30 Novemba

Aibu! Glavu inampwaya. Ncha za vidole vya glavu tupu, zinaning'inia. Shangazi akibonyeza, kimya. Asipobonyeza, inatetema. Wimbo wa kwanza umekufa njiani, kanisa zima likisikia. Akaniambia taratibu, Clovis mwanangu, basi, tuache. Nililia. Kidogo tu.

Bernice akapanda na sindano hadi kwenye kinanda, akaipunguza glavu kidole kwa kidole, padri akisubiri. Wimbo wa mwisho Shangazi kaupiga wote, beti zote nne, machozi yakimtiririka. Watu wakamkumbatia Bernice. Mimi nikapewa koleo nikazoe theluji mlangoni.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimetafakari sana. Waumini wengine waliopata kiharusi nao wameomba glavu, kila mmoja kwa kipimo chake. Hapo ndipo tulipokosea: kupima watu! Vidole vyao havitabiriki. Nimechora mkono wangu mwenyewe, mara moja, basi. Wote watavaa huo.