Shemeji wa Chumba cha Mbele

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamka na wazo! Vyumba vitatu alivyoniachia marehemu baba ndivyo vinavyotulisha, lakini fundi cherehani wa chumba cha mbele bado analipa kodi ya enzi za marehemu. Tena analipa kabla sijadai. Sasa ukali wangu nitauonyesha wapi? Jirani yangu Bwana Geti (ameweka geti jipya, hakusalimii mpaka ulisifie) ameniambia chumba chenye mlango wa barabarani watu wa ofisini wanakigombea. Hata chai imenishinda.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwambia fundi, kwa huzuni, kwamba shemeji yangu anarudi kutoka mbali na hana pa kulala. Uongo mtupu, lakini ndio ustaarabu wa kazi hii: mpangaji hafukuzwi, huombwa ampishe ndugu. Hakubisha. Aliuliza tu anafika lini. Nikasema keshokutwa. Mke wangu kasikia dirishani, anataka kujua ni kaka yake yupi huyo.

Alhamisi, 6 Machi
Ikabidi shemeji aonekane. Nimemwita mdogo wake mke wangu aje na begi, alale siku moja, kisha nimpe nauli arudi kwake. Kaja na kitanda! Na kabati! Na kuku! Fundi amefunga cherehani yake, akanishukuru kwa miaka yote, akaondoka. Nilijisikia vibaya mpaka chakula kilipoiva.

Jumamosi, 8 Machi
Mtu wa ofisini kaja kuona chumba, tai shingoni. Shemeji kamfungulia akiwa na taulo, akamwambia hapa pana mtu. Nikamvuta pembeni kumkumbusha makubaliano yetu. Alishangaa kweli.

"Shemeji, si umeuambia mtaa mzima chumba ni changu? Mimi ni nani nikuaibishe?"

Na kodi? Eti ndugu hatozwi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 9 Machi
Siamini! Fundi amehamia kwa Bwana Geti. Cherehani naisikia nikiwa kitandani. Kabla sijapumua, mwalimu na muuguzi, wapangaji wangu waliobaki, wamekuja kuniaga. Wanamfuata. Nikadhani ni kelele za kuku, nikaahidi kuwachinja. Mwalimu akasema fundi ndiye aliyekuwa akifagia ua, akifunga bomba lililoachwa wazi, akiwatuliza kila paa lilipovuja wasije kunigombeza.

"Sisi tulikuwa tunaishi na fundi," akasema. "Wewe tulikuwa tunakulipa tu."

Nimekaa kwenye ngazi mpaka mke wangu akaja kuniuliza tutakula nini mwezi ujao.

Jumatatu, 10 Machi
Nyumba kimya. Mke wangu ananishauri nimwendee fundi, nimwombe radhi, nimrudishe kwa kodi ile ile. Ushauri wa mtu asiyejua biashara! Kwanza chumba cha mbele kiwe wazi. Nimemweleza shemeji, kwa huzuni, kwamba mjomba wangu anarudi kutoka mbali na hana pa kulala. Hakubisha. Mchana nimempigia mjomba simu, nikamwomba aje na begi, alale siku moja tu. Kakubali papo hapo, mtu mwema sana. Ameuliza tu kama mlango ni mpana.