Dispepsia ya Mama Kulusum

Jumatatu, 8 Machi 1976. Arua.
Bahati! Mama Kulusum, mama yake Zulaika ninayemtaka, karudi kutoka zahanati na cheti kilichoandikwa "dispepsia". Nikaitwa kukisoma, maana karani wa stoo ya tumbaku ndiye msomi wa mtaa. Maana yake naijua: chakula kutosagika vizuri. Kiungulia, basi. Lakini nani humwoza binti yake kwa mtu aliyegundua kiungulia? Nikatikisa kichwa. Nikaongeza "kroniki". Ni ya siku nyingi tu, ila ukiitamka polepole inatisha. Nikashauri kwamba nyumba yenye ugonjwa huu inahitaji mkwe msomi. Akasema atafikiri.

Jumatano, 10 Machi.
Habari zimefika Pajulu hadi Koboko. Wageni wamejaa, kila mmoja na sukari! Sukari ambayo maduka ya Arua yameisahau. Mgonjwa anakunywa chai tamu na kunawiri. Kenyi, mfunga vidonda wa zahanati, naye anamtaka Zulaika. Kaja kumnong'oneza mama kwamba ni kiungulia, apunguze pilipili. Kafukuzwa. Nilimsindikiza mwenyewe, kwa heshima zote.

Ijumaa, 12 Machi.
Nimepeleka posa. Zulaika haolewi! Nani atawachemshia wageni chai? Ndoa isubiri mama apone, na kupona hana haraka nako.

Jumapili, 14 Machi.
Nimeamua kumponya. Nikatangaza mbele ya wageni wote: dispepsia ni kiungulia, kroniki ni cha siku nyingi. Shangazi mmoja wa Koboko akabeba sukari yake, akaondoka. Mama Kulusum akasema nimemvua nguo hadharani, angalau Kenyi alimwambia faraghani. Zulaika akanifungulia mlango nitoke.
"Mama iko na kiungulia tu," akasema. "Ugonjwa, wewe ndio ulileta."
Nampenda yule msichana. Nimelia njia nzima.

Jumatano, 17 Machi.
Kenyi kakubaliwa. Pilipili imepunguzwa, mama mzima, harusi baada ya wiki tatu. Sijaalikwa. Mtu anapata mke kwa kusema ukweli! Dunia imeharibika. Kosa langu ni moja tu: nilichagua ugonjwa mdogo.
Jioni Mzee Zubeiri, baba yake Hawah, msichana asiye na mchumba, kaniletea cheti chake nimsomee. "Rinaitisi." Ni mafua. Nimeketi, nimeshika kichwa kwa mikono miwili, nikamuuliza taratibu kama ameshaandika wosia.